Viti vya Jirani

Mwaka wangu wa tatu wa udaktari pale Butembo, nilikuwa na woga mmoja tu: kufukuzwa chuo kwa kukosa wa kunilipia. Shamba letu la kakao lilibaki Mabalako siku tulipokimbia vita, na wazazi wangu walikuwa wamejibana katika kijumba cha mbao huko Bungulu, mjini Beni. Ndipo tukasikia kuna watu wema wa ng'ambo wanaotoa bourse, pesa za masomo, kwa wanafunzi wa chuo chetu. Ila kwanza mjumbe wao, bwana mmoja wa Kinshasa, apite nyumbani kwa kila mmoja aone hali.

Nikampigia mama simu. "Mama, muache nyumba vile iko. Hapana kubadilisha kitu."

"Sawa, mwana wangu."

Sawa gani! Nilipoingia na mgeni, nilidhani nimekosea mlango. Jirani yetu, Mwislamu mwenye malori, alikuwa ametuazima sofa zake na zulia jekundu. Mbuzi wa mgeni alimchinja jirani mwenyewe, ili naye kama Mwislamu aweze kula. Baba alikuwa ndani ya koti la mtu. Kwetu Banande mgeni hapokelewi mikono mitupu, hata kama kesho mtalala njaa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akaninong'oneza.

Mjumbe alikula, akaongeza. Akamuuliza baba kama maisha ni magumu.

Baba akacheka. "Mungu iko, papa! Hatuna lalamiko."

Jamani, baba! Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanisogezea nyama, akidhani nina njaa.

Ningefanya nini? Mama alisimama pale na jagi la maji, uso unang'aa kwa mara ya kwanza tangu tukimbie. Nimwambie mgeni mbele yake kwamba kiti alichokalia si chetu?

Nilingoja tufike kwenye gari. Nikamwambia wazi: sofa si zetu, zulia si letu, hata koti la baba si lake.

Akatabasamu. "Ma fille, binti yangu, usikatae baraka ya kwenu. Miye nimeona na macho."

Nyuma yake jirani na vijana wake walikuwa tayari wanatoa sofa mlangoni. Nikaonyesha kwa kidole, lakini alishapandisha kioo, dereva akaondoa gari kuelekea uwanja wa ndege.

Jibu lilikuja: familia iko bien, inaishi vizuri, msaada uende kwa wenye shida. Nilizunguka kila bureau ya chuo. Wote walinihurumia, na wote walisema mambo yameshafungwa. Niliumia, hadi leo naumia.

Sasa nauza mawese sokoni Kimemi. Mama nilimwambia nafasi zilijaa, basi. Kila tukiongea kwa simu ananiuliza: "Na ule mugeni, alisemaka nini juu ya chakula yetu?"

"Alisema ilikuwa tamu, mama."

"Unaona!" anafurahi. "Umwambie arudi tena."