Joka la Mwanaidi

Enzi zetu pale Kisenyi mtoto hakuwa na simu, alikuwa na joka lake. Msicheke. Babu yetu alikuja kutoka pwani na sarafu nzito za fedha za Wachina, zenye joka lililojikunja, na baba akatugawia sisi watoto wanne tutunze, kila mtu moja. Maandishi yake nani angeyasoma? Tulizijua kwa sura tu: ya kaka Abdu joka lina ndevu, ya Zaituni limejaa mawingu, langu limenuna kama shangazi Rukia, na ya mdogo wetu Mwanaidi upande wa pili ina kikapu cha maua.

Kila Idd ikikaribia tulizisugua kwa jivu na ndimu. "Fedha isiyong'aa ni bati," mama alikuwa akisema. Mimi nilisugua mpaka vidole vikaniwaka na joka likabaki bila magamba. Mwanaidi alilala. "Dada, langu linapenda weusi wake."

Mwaka mmoja baba akachoka. Akaichukua ile nyeusi, akampa sonara Kanji aiyeyushe, ikarudi bangili. Nikavishwa mimi, tuzo ya bidii. Mwanaidi alilia siku tatu, hata pilau hakugusa.

Sasa mjukuu wangu Shafiki anakusanya sarafu hizohizo. Anasema ni za mwisho wa wafalme wa Uchina, kila mkoa ulitengeneza zake. Nikamtolea yangu kwa maringo. Akaiangalia kwa kioo cha kukuzia kama daktari anayetafuta maneno.

"Jajja, nani ameiua hivi?"

"Kuiua? Niliisafisha!"

Kumbe kwa wakusanyaji weusi ndio heshima, na ya kusuguliwa imeharibika. Nilipomtajia ile ya kikapu cha maua akashika kichwa. "Hiyo ni ya mkoa wa Jilin, haipatikani ovyo! Iko wapi?"

Nikampigia Mwanaidi, anakaa Bugolobi kwa mwanawe, nimweleze na nimwombe radhi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mliita uvivu, dada, kumbe ilikuwa elimu!" Halafu akauliza polepole, "Na bangili je?"

Niliiuza zamani. Mimi ninayekumbuka jina la kila mtu wa mtaa ule, sikumbuki nilinunua nini.

Za Shafiki zinakaa ndani ya plastiki, mkono haugusi. Anazitunza kuliko tulivyotunza sisi, sibishi. Ila sijamwona bado mtu wa kulilia hata moja.