Nilifunika Kikombe Mbele ya Mwalimu Dorka

Wacha nijiseme mwenyewe kabla mtu hajanisemea: mimi ni mtu wa bure kabisa. Na mkimaliza kusoma hapa, msidhani nimejiongezea makosa ili mnihurumie. Nimejipunguzia!

Mimi ni msichana wa Sori, huko Nyatike, Migori. Nacheka sana na kuota ndiyo kazi yangu. Hata nikiwa nimeinama jikoni nikikaanga mandazi ya mama, kichwani nilikuwa nimesimama mbele ya darasa, viatu vya visigino, chaki mkononi, watoto wananiita Mwalimu. Mama alikuwa ananiita hivyo pia, lakini kwa kunikejeli. "Mwalimu, geuza mandazi, zinaungua!"

Shida ni kwamba alama zangu za kidato cha nne zilikuwa za kuchechemea. Chuo gani kingenichukua?

Mtu mmoja tu ndiye alisema nitachukuliwa. Mwalimu Dorka.

Huyu mama alinifundisha tangu darasa la nne. Hesabu ya kugawanya alitufundisha kwa omena, zile samaki ndogo za ziwa letu. Unagawanya omena kwa watoto, na ile inayobaki unakula. Yawa, tulivyoomba hesabu zenye baki! Mpaka leo nikiona hesabu iliyogawanyika sawasawa naona kama nimenyimwa.

Likizo ikifika, walimu wengine walienda kulima. Yeye alienda chuo cha walimu alikosoma zamani, upande wa Homa Bay. Hakuna aliyemwajiri huko. Alikuwa tu mwanafunzi wa zamani aliyekataa kuondoka. Wanafunzi wapya wakifika, wanamkuta getini na kofia yake ya ukili, ameshajitwika godoro la mtu asiyemjua. Alishona mapazia ya bweni. Msichana wa chuo akilazwa hospitali na hana ndugu karibu, Mwalimu Dorka ndiye ndugu.

Na kila mwaka, siku ya wanafunzi wa zamani kukutana, chai ilikuwa yake. Hiyo ilikuwa desturi yao. Yeye na birika kubwa, anapita kwa kila mtu, anamimina huku anauliza. "Wewe bado uko Rusinga? Yule mume wako aliacha kupigia watu gitaa?" "Na wewe, tumbo hilo ni la ualimu mkuu ama ni la ugali?" Watu wanacheka, wanasogeza vikombe. Mwalimu mkuu, mkaguzi, mtu wa ofisi kubwa, wote walimsubiri yeye apite. Kama hajakumiminia, ilikuwa kama hujafika.

Mwaka mmoja akaniambia, "Nyathina, safari hii tutaenda pamoja." Kwa Kijaluo, nyathina ni kusema "mtoto wangu". "Mkuu wa chuo atakuwepo. Nataka akuone kwa macho, asikuone kwa alama."

Nilifurahi mpaka nikaunguza sufuria nzima ya mandazi.

Lakini mwaka huohuo Mwalimu alikuwa amekonda. Sketi zake alizifunga kwa pini. Shingo ilibaki mishipa. Na nyinyi mnajua miaka hii ilivyo huku kwetu. Mtu akikonda, kila jirani anakuwa daktari! Wenye mila wakasema ni chira, laana ya aliyevunja miiko. Wenye redio wakasema ni ukimwi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Mwalimu, umekula?" Madaktari wa bure wale! Wanapima mtu kwa macho, wakiwa wameegemea ua.

Mimi pia nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasema "Aki?" na kusogea karibu, nisikie vizuri.

Tukaenda. Nilikuwa nimeazima viatu vya binamu yangu, vinabana kama deni. Kufika chuoni, Mwalimu akaingia jikoni kuchemsha maziwa, akaniacha na akina dada fulani waliokuwa wanapanga vikombe. Walimu vijana, nywele zimetiwa dawa zinang'aa, kucha nyekundu. Mkubwa wao aliitwa Sella. Nilimwangalia nikasema moyoni, hivi ndivyo nitakavyokuwa.

Sella akaniuliza, "Huyo ni mama yako?"

"Hapana! Ni mwalimu wangu tu."

Tu! Sikieni hilo neno.

"Mbona amekauka hivyo? Si mwaka jana alikuwa mnene?"

Hapo ningesema sijui. Ningesema ni kazi nyingi. Ningenyamaza! Lakini wote walikuwa wamegeuka kunitazama, mimi mchoma mandazi wa Sori, na nilitaka waendelee kunitazama. Nikashusha sauti. "Huko kwetu wanasema ni ule ugonjwa."

"Ule?"

"Ule ule. Hata sketi ni pini inashikilia." Kisha, Mungu anione, nikatembea kidogo vile Mwalimu alivyokuwa anatembea, mkono mmoja kiunoni, nimeshika sketi isianguke.

Walicheka! Sella akanipiga begani, "Wewe msichana, utaniua." Nikajiona mtu. Nikajiona nimeshaingia chuo.

Dunia ina watu wa ovyo, lakini hawa walikuwa wamesoma. Walikuwa wanafundisha watoto sayansi! Neno langu lilipita ukumbini kabla ya maziwa kuchemka.

Mwalimu akatoka na birika lake. Akaanza na meza ya mbele. "Haya, wewe, shule yako imepata paa?" Yule mwanamume akaweka kiganja juu ya kikombe. "Nimekunywa nyumbani, Mwalimu." Akaenda kwa anayefuata. Kiganja. Anayefuata akageuza kikombe kifudifudi. Mwingine akasema chai inampandisha presha, na nilimwona baadaye akinywa iliyomiminwa na mtu mwingine!

Mwalimu bado alikuwa anacheka. "Leo mmekuwa walokole wa chai?" Alipita meza nzima na birika limejaa.

Akafika kwangu. Kikombe changu kilikuwa kitupu mbele yangu, na koo limekauka kwa vumbi la barabara.

"Leta, nyathina. Wewe utakunywa."

Sella alikuwa upande wa pili wa meza. Ananiangalia.

Nikafunika kikombe.

"Nimeshiba, Mwalimu."

Nimeshiba! Mimi ambaye sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi. Aliangalia mkono wangu, si uso. Halafu mwenyekiti wa chama chao cha wanafunzi wa zamani akaja, bwana mmoja wa tai fupi, tumbo linamtangulia. Akamwambia kwa sauti tamu, "Mama Dorka, umetumika sana. Pumzika sasa, waachie vijana." Akamwondolea birika mkononi. Lakini alilishika kwa leso!

Mwalimu akatoka, akakaa kwenye benchi nje ya ukumbi. Ndani wakaimba wimbo wa chuo.

Mngedhani hapo angeniacha nijitafutie njia. Mkuu wa chuo alipotoka, Mwalimu alisimama, akajifunga kitambaa vizuri, akanishika mkono akanipeleka. "Bwana Mkuu, alama za huyu msichana usizitegemee sana. Mwangalie akiwa na watoto. Mimi namjua." Mkuu akaniuliza maneno machache, nikajibu kama kasuku. Akasema nitaitwa.

Njiani kurudi Sori Mwalimu aliniuliza swali moja tu. "Chai ilikuwa na moshi?"

Nikasema, "Kidogo." Na sikuwa hata nimeionja!

"Basi," akasema.

Hakurudi tena huko. Likizo iliyofuata alikaa kwake, na watu wa Sori wakasema, mnaona, hata kutembea ameshindwa. Kwani miguu ndiyo ilimshinda?

Mimi nikaitwa chuoni kweli. Siku ya kuingia mvua ilikuwa inanyesha. Nilifika getini na sanduku la bati na godoro, na hakukuwa na mtu. Wa mwaka wa pili walituonyesha bweni kwa upande usiofaa, tukazunguka na magodoro yanakunywa maji, wao wanacheka dirishani. Wenzangu walilia. Mimi sikulia, ningemlilia nani? Aliyekuwa anasimama hapo nilikuwa nimemtoa mwenyewe. Nililala juu ya chaga tupu nikajiambia, lala hapo, ni pazuri sana kwako.

Kila likizo nilisema nitaenda kwake nimwambie. Nikifika Sori napita njia ya nyuma. Kabla mwaka wangu wa kwanza haujaisha, Mwalimu Dorka akafa.

Watu huniuliza aliuawa na nini. Siwajibu. Hata kama ni ule ugonjwa, ni lini mliona chai ikiuambukiza? Na mlikuwa walimu!

Sasa njooni mazishini mwone watu. Walikuja kwa basi zima, na shada la maua lenye utepe wa rangi za chuo. Sella alivaa nyeusi, anapangusa macho asiharibu wanja. Wakakaa chini ya turubai, wakala wali na kuku wa marehemu, wakanywa chai ya marehemu kwa vikombe vya marehemu, wakaongezewa. Hakuna aliyekuwa na presha siku hiyo.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. "Chai ya Mama Dorka tutaikumbuka milele!" Watu wakapiga makofi.

Lakini mnajua nani aliyefuata? Mimi. Wanafunzi wake walinichagua niwasemee. Nikasimulia omena na baki, wakacheka. Nikasimulia godoro la mtu asiyemjua, wakalia. Niliongea vizuri! Na pale ambapo ningesema, "Siku ile ni mimi," nikavuta pumzi, nikasema, "Lala salama, mama." Makofi. Yule mwenyekiti wa leso angalau alikuwa amezoea unafiki. Mimi nilijifunza hapo hapo, na nikafaulu.

Alasiri wageni wakaondoka. Nikamkuta Awino, binti yake, nyuma ya nyumba akisugua masufuria. Ameolewa Rusinga, ni fundi wa kushona kama mama yake.

"Awino, dada yangu, niko na neno."

"Sema. Mikono iko na maji, lakini masikio iko wazi."

Nikasema yote. Kutembea kwangu kwa mzaha, kicheko, kiganja. Hakuacha kusugua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mama alijua."

Nikakaa chini kwenye majivu. "Nani alimwambia?"

"Aambiwe na nani? Huko Homa Bay kulikuwa na mtu mwingine wa Sori? Alijua akiwa bado amekaa kwa hiyo benchi."

Kwa hiyo alijua alipoinuka. Alijua alipojifunga kitambaa. Alinishika mkono akijua!

"Nilimuuliza," Awino akasema, "mbona ulimsemea kwa mkuu na alikuwa amekuuza? Akasema, 'Msichana ni mjinga, lakini watoto watampenda.' Basi." Akamwaga maji karibu na miguu yangu. "Huyo alikuwa mama. Mimi si mama. Ondoka kwa huu mji kabla sijamaliza hii sufuria."

Niliondoka. Alikuwa na haki.

Nimebakisha muhula mmoja. Juzi mwenyekiti amenitafuta, anasema chama kinataka mtu wa kuchukua nafasi ya Mama Dorka, na kwamba nani anafaa kuliko mimi niliyemjua? Niliangalia tai yake, nikashindwa kama nicheke. Nikamwambia aende akamuombe ruhusa Awino. Hajaenda. Hataenda.

Nyinyi mnaosoma, najua mko wapi. Mko na meza yenu, na watu fulani wazuri ambao mngependa wawatazame, na kuna mtu wenu mmoja amekonda, au ameachwa, au mtoto wake amepotea njia. Na kicheko kiko hapo karibu, rahisi sana, kinangoja neno lenu moja. Wale watakaocheka hawatawapenda. Sella hajui hata jina langu mpaka leo!

Karibuni nitasimama mbele ya darasa na watoto wataniita Mwalimu. Nitaitika, nitafanya nini? Lakini wewe bado hujafungua mdomo. Usiufungue.