Nilienda Eburru kufukizwa miguu, nikarudi nikijua kujidunga sindano ya MS

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Kwa kawaida mimi husoma nyuzi zenu na kupita kimya. Leo nimeona niandike yaliyonipata, na sitatia chumvi, maana yenyewe yanatosha.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, na sijawahi kutulia. Nilipomaliza form four nilizunguka Rift Valley yote. Nimevuna viazi Molo, nimefunga plastiki za greenhouse Naivasha, nimebeba mabomba ya mvuke Olkaria. Hadi leo nikisikia harufu ya udongo wa Molo baada ya mvua, natamani kufunga begi.

Halafu miguu ikaanza kuniangusha. Ganzi. Jicho moja likaingia ukungu. Uchovu ambao hata usingizi hauuondoi.

Baada ya kuzungushwa sana hospitalini, MRI ikaonyesha ni MS, yaani multiple sclerosis. Kwa lugha rahisi, kinga ya mwili inakosea na kutafuna ganda la neva, kama panya kwenye waya wa stima.

Nikahamia kwa dada yangu Nyambura, mtaa wa Free Area hapa Nakuru. Dawa yangu ni sindano, mara tatu kwa wiki, na inakaa kwenye friji. Sasa mimi sindano naiogopa kuliko nyoka. Nyambura ndiye alikuwa ananidunga, mimi nimegeukia ukuta.

Kwa hivyo singeweza kwenda mbali. Mtu aliyezoea kuamkia mji wowote, mwisho wangu ukawa mtaa jirani wa Bondeni na kurudi. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa.

Siku moja Kiprono, rafiki yangu tangu Olkaria, akanipigia simu.

"Boss, hiyo ni baridi imeingia kwa mifupa. Kuja Eburru tukufukize."

Wanaojua Eburru wananielewa. Kule ardhi yenyewe inatoa mvuke. Enzi zetu, magoti yakiuma tulikuwa tunakaa kwenye yale mawe, tunajifunika blanketi, tunatoka wepesi kama vijana wa riadha. Ningekataaje?

Nyambura alikasirika. "Na sindano ya kesho?"

"Nitarudi mapema."

Hakuniamini. Akanifungia moja kwenye cooler box ndogo, akaizungushia taulo isigusane na barafu.

Kufika Eburru, mwanzoni ule mvuke ulikuwa raha tupu. Halafu lile jicho likafunga ukungu. La pili likafuata. Nikajaribu kusimama, miguu haipo.

"Kiprono, sioni."

"Wacha mchezo."

"Sioni, na siwezi kusimama."

Alinibeba mgongoni kama gunia la makaa hadi kivulini, akakimbilia maji. Lakini kule watu wengine hukinga maji yanayodondoka kutoka kwa mvuke huohuo, kwa hivyo jamaa akaja na maji ya moto!

Mama mmoja jirani ndiye aliyeleta ndoo ya maji ya mvua. "Nyinyi wazee, mnampika mwenzenu kama githeri?" Akanilowesha kichwa, shingo na mikono, huku akitugombeza. Upepo wa mlimani ukamalizia kazi.

Nilikuwa nimelala pale nikijua safari zangu zimeisha. Kisha polepole nikaona tawi juu yangu. Nikaona majani. Vidole vya miguu vikasogea.

Wakuu, nililia mbele ya watu.

Tulimpigia nurse wa kliniki yangu. Akasema mwili ukipata joto, neva zilizochubuka hushindwa kupitisha ujumbe. Ukipoa, mambo hurudi. Haimaanishi ugonjwa umeongezeka. Ila dalili zikikaa zaidi ya siku moja, niende hospitali haraka. Na mvuke nisiuguse tena.

Nikalala kwa Kiprono. Asubuhi macho yalikuwa safi, lakini sikuwa na nguvu ya safari, na sindano ilikuwa inanisubiri. Nikamwomba anidunge.

"Mimi nimedunga ng'ombe tu," akasema. "Na ng'ombe nikikosea ananipiga teke. Wewe hata hilo teke huna."

Mke wake alicheka hadi akamwaga chai.

Nikaona hakuna mwingine. Nikaitoa dawa ipoteze ubaridi, nikanawa mikono, nikapangusa paja, nikafinya ngozi. Nilikaa hivyo muda mrefu, Kiprono amefumba macho kwa niaba yangu.

Nikasukuma.

Ikauma kama siafu, ikaisha. Hiyo tu! Hicho ndicho kilichokuwa kimenifunga Free Area.

Nikampigia Nyambura.

"Nani amekudunga?"

"Mimi."

"Wacha uongo."

"Haki ya Mungu, mimi mwenyewe."

Nikasikia anapenga kamasi. "Sasa hutakaa hapa tena."

"Nitakuwa nikirudi."

"Kuja basi uchukue hizi zingine, friji yangu ipate nafasi ya nyama."

Nilichojifunza: kilichowatibu wazee wetu magoti si lazima kikufae wewe, uliza kliniki kwanza. Mimi sasa natembea asubuhi, kofia na kitambaa kibichi shingoni. Sindano nahamisha, leo paja hili, kesho kutwa tumbo. Siku zingine homa inanishika baadaye, napumzika, inapita.

Wenye MS, au mnaojidunga dawa yoyote, tupeane ujuzi hapa chini. Na wa Marigat, nijibuni haraka: huko kwenu na lile jua, nani ana friji ya kuaminika ya kunihifadhia dawa? Begi liko mlangoni.