Mashine ya damu na adapta ya Masanja

Mwadila, wapendwa. Mmeshindaje, afya zenu nzuri?

Leo maabara kwetu mashine imenena kwa lugha.

Ile ya kupima wingi wa damu ni ya zamani. Kioo chake kilishakufa, majibu tunayasomea kwenye kompyuta.

Sasa kompyuta mpya haina tundu la ule waya mpana wa mashine. Fundi Masanja akaja na adapta yake, tukachomeka.

Zikatoka nyota, mistari na alama za kuuliza. Basi.

Nje kuna bibi aliyetoka kijijini Nkololo kampakata mjukuu, anasubiri kujua kama mtoto aongezewe damu. Mimi nasali kimoyomoyo.

"Dada, hii imejazwa Roho," Masanja ananiambia. "Inataka mfasiri."

"Kaka, acha utani. Mtoto anasubiri."

Kumbe kompyuta ilikuwa inasoma haraka kuliko mashine inavyotuma. Masanja akaipunguza kasi, namba zikaja safi.

Daktari akazisoma. Damu inatosha, mtoto apewe dawa arudi nyumbani.

Bibi akanishika mkono kunishukuru: "Wabeja, mwanangu."

Ila adapta ni ya Masanja, kaondoka nayo, na kesho benchi la wagonjwa litajaa tena. Anayejua inakouzwa kama hiyo hapa Bariadi anijibu leo hii, tafadhali.