Ilunga na Mlango wa Chombo cha Angani

Mwaka wa 1977, Ilunga alikuwa mzamiaji katika bandari ya Kalemie. Alishuka chini ya meli kukata nyavu zilizonasa kwenye panga zinazosukuma meli. Hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata mboga ya sombe ya mkewe, Emérance, aliinusa kabla ya kuonja, na Emérance alikwisha kuzoea.

Siku moja treni ilileta chombo cha chuma, kimefunikwa turubai, kinalindwa na askari. Mjini wakasema ni bomu. Brandt, enjeniere wa wazungu waliokileta, aliyejifunza Kiswahili Kigoma, akasema hapana: ni cha kupeleka watu angani. Kikirudi kitaangukia majini, kwa hiyo wanataka kukijaribu ziwani.

“Tunatafuta mtu wa kukaa ndani,” akamwambia Ilunga. “Saa mbili tu.”

“Ninyi muko sita hapa. Juu ya nini munanitafuta mie?”

“Kwa sababu wewe unajua maji.”

“Nayajua. Njo maana nauliza.”

Ilunga akataka kwanza aingie ndani chombo kikiwa bado gatini. Wakamfungia. Ndani kulinuka gundi na rangi mbichi. Akashika mpini wa mlango, akauzungusha. Ukazunguka wote, mlango usitikisike. Akagonga kwa ngumi, kisha kwa kisigino. Nje walidhani anakagua. Walipofungua, shati lake lilikuwa limelowa jasho.

“Papa Brandt, tuseme ningekuwa katikati ya ziwa?”

“Tungekufungulia sisi, kutoka kwenye mashua.”

“Na kama bato yenu iko mbali?”

Brandt akauzungusha mpini mwenyewe, mara tatu.

“Wekeni kitini mifuko ya mchanga, uzito wa muntu,” Ilunga akasema. “Mimi siingii.”

Mkubwa wa bandari akakasirika. “Sitoyen Ilunga, unatutia haya mbele ya wageni!”

Lakini Brandt akaagiza mifuko. Kesho yake chombo kikateremshwa majini. Wimbi likakipiga ubavuni, kikapinduka, mlango ukawa chini. Ilunga akazama na kamba, akakifunga, winchi ikakivuta. Kilipofunguliwa, maji yalikuwa yamefika juu ya kiti, pa kuegemeza kichwa. Brandt aliitazama ile mifuko ikichuruzika, akaketi gatini.

Jioni Emérance alimuuliza mumewe kama walimshukuru. “Bado wanaangalia mchanga,” akasema.

Iliwachukua wiki tatu kutengeneza mlango mwingine na kukiongezea chombo uzito chini. Safari hii Brandt aliingia mwenyewe. Ilunga aliogelea kando yake muda wote, mkono juu ya mpini wa nje, akihesabu mawimbi. Mwishowe mlango ukafunguka kutoka ndani, Brandt akatoa kichwa, anacheka.

“Sasa unaamini, Papa Ilunga?”

“Hiyo ni mara moja,” Ilunga akasema, akitema maji. “Funga tena, ufungue tena.”

Brandt akaacha kucheka. Akarudi ndani, akafunga.