Mlio wa Kumi na Tano

Siku yangu ya kwanza machimboni nilirudishwa nyumbani kabla ya saa mbili asubuhi. Mlipuaji Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alitupanga mstari akatupapasa mifuko mmoja mmoja. Kwangu alikuta kiberiti.

"Wewe umetoka jeshini, sivyo?"

"Ndiyo, mkuu."

"Huko mlikuwa na adui. Hapa adui ni wewe na hicho kiberiti chako. Nenda nyumbani, uje kesho."

Nilirudi Vwawa kwa miguu, nikiwaza nitamwambia nini mke wangu. Kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika.

Nilikuwa nimetoka vita vya Uganda miaka michache nyuma. Kikosi chetu kilikuwa cha uhandisi, kazi yetu kutegua mabomu ya ardhini: unalala kifudifudi, unapekua udongo kwa kijiti, taratibu kama mtu anayetafuta sindano. Rozari aliyonipa mama ilikaa ndani ya shati langu hadi uzi ukaoza kwa jasho. Niliporudi nilimwahidi Mungu kwamba sitagusa tena kitu cha kulipuka. Lakini shamba la kahawa la baba tulilirithi ndugu watano, na miaka ile hata sabuni dukani ilikuwa ya kupanga foleni. Serikali ilipotafuta watu wanaojua baruti kwa ajili ya kupasua mawe ya barabara ya Tunduma, nilikwenda. Mungu anajua sikuwa na kazi nyingine mikononi.

Vijana wanaofanya kazi hii leo wana nyaya na mitambo. Sisi tulikuwa na utambi na fataki. Utambi ni kamba yenye baruti ndani, inaungua polepole. Fataki ni kijibomba kidogo kama kalamu, ndicho kinachoamsha baruti. Watobozi wanatoboa mwamba, wewe unaingiza baruti, unashindilia udongo juu yake kwa mti. Kwa mti, si kwa chuma. Chuma kikigonga jiwe hutoa cheche. Kila asubuhi nilikata kipande cha utambi, nikakiwasha, nikakipima kwa saa, maana utambi ulionyeshewa hauungui sawa na mkavu. Kisha nilikata tambi kwa urefu tofauti ili matundu yalipuke moja baada ya jingine. Sababu ni moja: upate kuhesabu. Ukitega kumi na tano, usikie milio kumi na tano. Ukisikia kumi na nne, kuna tundu bubu, lile ambalo halikulipuka, na hapo hasogei mtu mpaka mlipuaji alitafute mwenyewe.

Nikishawasha niliondoka kwa kutembea, nikisali Salamu Maria. Hatukukimbia. Anayekimbia hujikwaa.

Mlipuaji Mkuu alipostaafu nikachukua nafasi yake, pamoja na leseni. Baadaye mambo yakageuka. Idara ikapunguza watu, mitambo ikauzwa, akaja mkandarasi binafsi. Wengi wetu tulipewa barua za kuachishwa. Mimi na wachache tukachukuliwa na mkandarasi. Kati ya hao alikuwepo Obadia Simkoko, mtobozi kutoka Iyula, Mmoraviani, mpiga tarumbeta wa kanisani kwao. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Nikimtania kwamba mbinguni hakuna matarumbeta ananijibu, "Kasome Ufunuo, Kalisto. Ninyi Wakatoliki hamsomi mkafika mwisho."

Mkandarasi alifungua machimbo mapya upande wa kuelekea Chitete, kwenye bonde linalotazamana na genge refu la mwamba. Meneja wa Mradi alikuwa kijana msomi, mwenye haraka. Kila jioni aliuliza jambo moja: "Mzee Kalisto, kesho tunapata kokoto?"

Wiki ya pili pale, nilitega matundu kumi na tano. Nikawasha, nikatembea, nikajibanza, nikahesabu. Milio ikaja. Kumi na tatu. Kumi na nne. Pakawa kimya kidogo, kisha kumi na tano, hafifu kuliko mingine. Nikapuliza filimbi ya salama.

Kesho yake asubuhi, Obadia alipoweka mashine yake kwenye mwamba, tundu la kumi na tano likalipuka.

Nilikuwa hatua sabini hivi kutoka pale. Nilipofika alikuwa amekaa chini, anautazama mkono wake wa kulia, ambao haukuwepo. Jicho moja lilikuwa limejaa damu. Nilimfunga kwa shati langu kama tulivyofundishwa jeshini, tukampakia kwenye gari. Hakupiga kelele hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele.

Alasiri nilirudi bondeni peke yangu. Nikapiga makofi mara moja kwa nguvu, na genge likanirudishia sauti. Ndipo nikajua. Ule mlio wa mwisho ulikuwa mwangwi. Nilikuwa nimehesabu sauti ya mlima.

Meneja aliniita ofisini, ripoti ikiwa tayari imeandikwa. Ilisema mtobozi alitoboa ndani ya tundu la zamani kinyume cha kanuni.

"Hakutoboa tundu la zamani," nilisema. "Mimi ndiye niliyehesabu vibaya."

"Mzee, ukisema hivyo leseni yako imekwisha, na machimbo yanafungwa. Watu arobaini hapa. Obadia mkono wake hautarudi, useme usiseme. Weka sahihi."

Nikaweka. Kwa sahihi ile, Obadia akawa mvunja kanuni, asiye na haki ya kudai chochote.

Jumapili tatu nilikwenda kanisani nisipokee Komunyo. Ya tatu, tukiwa njiani kurudi, mke wangu, Mama Anjela, akasimama katikati ya barabara.

"Baba Anjela, tangu tufunge ndoa sijakuona unakaa benchini wenzako wakienda. Umefanya nini?"

Nikamweleza palepale, watu wakitupita. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mke wa Obadia ananunua chumvi pale ninaponunua mimi. Nitamtazamaje?"

Wiki hiyo niliungama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniondolea dhambi, kisha akasema, "Mungu ameshasikia. Sasa nenda kwa hao wengine ambao hawajasikia."

Nilianza na Meneja. Nilimpa maelezo yangu kwa maandishi, na nakala nikapeleka kwa Mkaguzi wa Migodi. Yaliyotokea ni yale aliyonitabiria, isipokuwa moja: leseni yangu ilichukuliwa, kazi ikasimama miezi miwili, lakini machimbo hayakufungwa. Obadia akapata haki yake. Meneja alihamishwa. Aliyemfuata alikuwa Mhandisi wa makamo, mpole, akanikuta nafagia karakana.

"Nimesoma faili lako," akasema. "Unataka nini?"

"Wahesabuji wawili, mkuu. Wasimame mbalimbali, kila mmoja aandike peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana, hakuna filimbi."

Akakubali. Mhesabuji wa pili nikawa mimi, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu, chini ya mlipuaji ambaye umri wake ulikuwa wa mwanangu. Mara nne tulitofautiana. Mara tatu mimi ndiye niliyekosea. Mara moja alikosea yeye, na chini ya kifusi tukalikuta tundu bubu.

Kwa Obadia nilikwenda pia. Huko Iyula ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Nilisema yote nikiwa nimesimama; yeye alinisikiliza akiwa ameketi. Mkewe akanipa kikapu. Nikachuma hadi jioni, nikaondoka. Mwaka uliofuata nikaenda tena, na kila mwaka. Tulizungumza juu ya mvua, bei, wajukuu, na bendi ya kanisa anayoiongoza sasa kwa mkono wa kushoto. Juu ya jambo lile, kimya.

Sasa nimestaafu, nina wajukuu tisa. Mmoja anasomea uhandisi, akaniuliza siri ya kazi yetu. Nilimwambia hakuna siri. Usiamini sikio lako peke yake, na ukikosea, sema siku ileile. Mimi nilichelewa wiki tatu, na wiki hizo ni nzito kwangu kuliko vita.

Msimu uliopita tulikuwa tumekaa mstari mmoja wa mibuni, mimi na Obadia, yeye akichuma kwa mkono wake mmoja, upesi kuliko mimi. Bila kunitazama akasema, "Kalisto, siku ile na mimi nilihesabu."

Nikaacha kuchuma.

"Nilipata kumi na tano," akasema.

Nilimtazama usoni. Lile jicho lake zima lilikuwa kwenye tawi, likitafuta matunda mekundu. Huenda ni kweli, mwangwi ulimdanganya na yeye. Huenda alinihurumia, akaona uzee wangu. Sikumwuliza. Alisogeza kikapu kikakaa kati yetu, tukaendelea kuchuma.