Kororo Niliyemtia Alama Bila Kumwona

Nakumbuka alama moja ya wino, mwanangu, iliyoniondolea usingizi. Niliitia mimi mwenyewe mbele ya jina la kororo, yule kanga mwenye kishungi kichwani, katika safu ya "Ameonekana". Nami sikumwona.

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana, mwalimu wa skuli hapo mjini. Tulikuwa walimu watano wapenda ndege. Bwana Miti, afisa wa misitu wa serikali, alitugawia orodha za ndege wa Unguja. Kila mmoja alikuwa na pahala pake pa kwenda kila mwezi, atie alama mbele ya aliowaona. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya sala, tulikaa barazani tukabadilishana karatasi na kunakili, kisha tukampelekea. Hatukuuliza zinafanya kazi gani huko. Asiyeuliza, wanasema wazee, hanalo ajifunzalo.

Mimi nilipewa vichaka vya mawe vya Chukwani. Miezi miwili mfululizo kororo hakuonekana, na barazani nikawa kichekesho.

"Karatasi yako kavu kama samaki wa ng'onda!" alisema mwenzangu mmoja. "Kwako hata kunguru kahama?"

Mwezi wa tatu masika yalishika, baiskeli ikakwama topeni, nikageuza njiani. Nilijiambia kororo wa Chukwani hawajapata kutoweka tangu enzi za mababu. Nikatia alama. Nikaongeza "watatu", maana uongo mtupu huona haya, hupenda kuvishwa hesabu.

Hazikupita wiki mbili, Bi Kazija akaja skuli kwa miguu. Alikuwa mkata kuni wa Chukwani, ndiye aliyenifunza sauti za ndege wale.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Hao watatu umewaona wapi, mwalimu? N'onyeshe na mie, nimewatafuta mpaka macho yamenitoka."

Hakungoja jibu, akanieleza. Watega mitego walikuwa wamekivamia kichaka, na Bwana Miti aliwaahidi wanakijiji kwamba kororo akikosekana orodhani miezi mitatu mfululizo, atapiga marufuku mitego pale. Mwezi wa tatu nimeuharibu mimi.

"Bwana Miti kaniambia karatasi yasema wapo," alisema Bi Kazija. "Karatasi ina macho kunishinda?" Akaongeza, "Kuandika umeona ni kutoa ushahidi, mwanangu. Nenda kaufute."

Siku nne sikwenda. Kila nikishika chaki, niliwaza kitanzi cha mtego kinavyobana shingo ya ndege. Siku ya tano nilikwenda. Bwana Miti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na alama zako nyengine, nizisadiki vipi?"

Karatasi zangu zote akaziweka kando. Hesabu ya miezi mitatu ikaanza upya, na mitego ikabaki ilipo.

Nikawa nakwenda Chukwani kila wiki, mvua au jua. Miezi miwili, patupu. Mwezi wa tatu, asubuhi moja ya ukungu, Bi Kazija alinishika mkono.

"Huyo! Umemsikia?"

Mimi nilisikia matone tu yakidondoka majanini.

"Andika," akasema.

"Bi Kazija, nikiandika tutakosa marufuku."

"Nshakwambia andika. Wewe hukusikia, andika hukusikia. Mie nimesikia, andika nimesikia."

Nikaandika yote mawili. Bwana Miti aliisoma karatasi, akasema atafikiri. Kabla hajaamua, akahamishwa, na habari ya marufuku ikaishia hapo.

Mwanangu, ukipewa karatasi ujaze uliyoyaona, nafasi tupu isikutie haya. Nayo ni habari. Usiwagawie wenzio usilolishuhudia, kwani mchuma janga hula na wa kwao. Na ukikosea, nenda siku ile ile ukaseme. Zile siku nne zinaniuma mpaka sasa kuliko ile alama yenyewe.

Mola akupe macho yanayoona, na mkono usioyatangulia macho yako. Ama kororo wa asubuhi ile, kama alilia au hakulia, mpaka leo sijui.